Ikitoka kwenye mshahara, naikuta dukani

Mmeuliza wiki hii: jimbo la Marekani likifuta kodi yake ya mapato, nani anafaidika? Mimi nahudumia wazee hapa Wichita, Kansas, tangu 2011, na jibu langu nalitoa kwenye maisha yangu.

Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria ya kupunguza kodi hiyo, nia ikiwa kuifikisha sifuri siku moja. Kiwango cha juu kilishuka kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na faida ya biashara ambazo mwenyewe huiripoti kama mapato yake ikasamehewa kabisa. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Mshahara uliongezeka dola chache. Kodi ya serikali kuu niliendelea kuilipa, lakini chache ni chache, nilizipokea.

Ukuaji wa uchumi tulioahidiwa haukufika. Hazina ya jimbo ikapungukiwa, fedha za barabara zikachotwa kuziba pengo, na mwaka 2015 baadhi ya wilaya zikafunga shule kabla ya muhula kwisha. Mwaka huohuo kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na chakula hakikusazwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Mshahara wangu wote huishia kwenye unga, mchele, maziwa na sabuni, kwa hiyo kodi ya dukani ilinifuata hadi senti ya mwisho. Anayepata mara kumi yangu hali unga mara kumi. Kinachobaki anakiweka akiba, na kodi hiyo haikigusi. Juni 2017 bunge la jimbo, lililojaa wenzake gavana wa chama cha Republican, lilipiku kura yake ya turufu na kurudisha sehemu kubwa ya kodi iliyopunguzwa.

Dada yangu yuko Houston, na kila tukizungumza ananiambia Texas haina kodi ya mapato na mambo yanakwenda. Ni kweli. Ila Texas ina mafuta, na kodi yake ya majengo ni miongoni mwa zilizo kubwa nchini; pango lake likipanda, sababu anayopewa ni hiyo. Alaska iliifuta yake mwaka 1980 kwa fedha za mafuta ya Prudhoe Bay. Florida nayo haina, ila ina watalii wanaolipa kodi ya mauzo kisha wanarudi kwao. Sisi Kansas tuna ngano na viwanda vya ndege. Nani angetulipia?

Sasa ni zamu ya Mississippi. Sheria ya 2025 inaishusha kodi ya mapato hatua kwa hatua hadi iishe, na kuongeza senti 9 kwa kila galoni ya petroli ndani ya miaka mitatu. Wameshusha pia kodi ya vyakula kutoka asilimia 7 hadi 5, na hapo nawapongeza kwa moyo wote. Lakini mhudumu kama mimi huko lazima aendeshe gari usiku kwenda kazini, na petroli hainunui kwa hiari. Kansas kodi ya jimbo kwenye chakula iliisha kabisa Januari 2025. Kama kuna kodi ya kufutwa kwanza, ningeomba iwe hiyo.