Usimpe mwanafunzi kisa chote kwa mkupuo

Nilipoanza kufundisha fiziotherapia kwa kutumia visa vya wagonjwa, nilikuwa naandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja: umri, vipimo, eksirei, hata ugonjwa wenyewe. Wanafunzi walifungua kitabu, wakanakili matibabu, dakika 20 wamemaliza. Kazi ya kufikiri nilikuwa nimeshawafanyia.

Siku hizi natoa kisa vipandevipande. Mama wa miaka 68 ameanguka usiku, amevunjika nyonga, jana amefanyiwa upasuaji. Kipande cha kwanza kinaishia hapo. Swali: umefika kitandani kwake, unaanza na nini? Wengi hukimbilia mazoezi. Nawaacha. Anayeomba presha ndiye ninayempa kipande cha pili: akiwa amelala ni 138/84, dakika 2 baada ya kusimama ni 110/70, na anasema anaona giza. Darasa hunyamaza kidogo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni presha ya kushuka, na huenda ndiyo iliyomwangusha tangu mwanzo. Sasa maswali yanamiminika: anatumia dawa gani? Alikuwa anakwenda wapi usiku ule? Kumbe alikuwa anakwenda msalani, na wiki iliyopita alianzishiwa dawa ya kukojosha.

Ukiweza, changanya fani. Kwenye kisa hiki, mwanafunzi wa famasia ndiye aliyeishuku ile dawa, na wa tiba kazi, fani ya kumsaidia mgonjwa amudu shughuli zake za kila siku, akauliza kitanda cha nyumbani kina kimo gani. Wangu hawakuwa wamewaza hata kimoja.

Kuna wanaodhani mwanafunzi aingie kwenye kisa mikono mitupu, bila kusoma chochote kabla. Hapana. Njia ya kuanza na tatizo kabla ya kusoma, iliyoanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, ni njia nyingine yenye utaratibu wake. Kwenye visa mimi hutoa kurasa chache za kusoma siku 2 kabla, hasa kwa mwaka wa kwanza. Na kisa kikitokana na mgonjwa wa kweli, badilisha chochote kinachoweza kumtambulisha.

Kilichonigharimu zaidi ni mtihani. Muhula mzima tulijadili visa, kisha karatasi ikauliza majina ya misuli. Wanafunzi waliniona nimewapotezea muda, na walikuwa na haki. Muhula uliofuata nusu ya mtihani ilikuwa kisa kipya, nacho kilitolewa vipandevipande, na wiki ya pili tu walianza kuja darasani wameshasoma.