H-1B na njia zingine: majibu ya maswali mlionitumia

Simu yangu imejaa maswali ya H-1B, ile viza ya Marekani ya watu wenye ujuzi inayopatikana kwa kura, na mengi yanafanana so nimeyaweka pamoja. Nitasema vile mambo yalivyo, kwa sababu naona watu wakichangisha pesa na wengine wakitaka kuuza ploti kwa kitu ambacho hakuna mtu amewaeleza vizuri.

*Niko Kasarani, naandika softiwea huu mwaka wa nne. Kuna ajenti hapa tao anasema nikimpa elfu sitini ataniingiza kwa kura ijayo. Nitume?*

Usitume hata shilingi, ndugu yangu. Kura ya H-1B mtu hajiingizi mwenyewe na ajenti wa tao hawezi kukuingiza. Anayekuandikisha ni mwajiri wa Marekani, kampuni yenyewe ama wakili wake, kwa akaunti yao huko USCIS, ofisi ya uhamiaji ya Marekani, hapo mwezi wa tatu, na ile ada ya dola 215 ya kuandikisha ni mzigo wao. Na lazima wawe na kazi ya ukweli inayohitaji digrii, halafu jina likichaguliwa kabla ya kupeleka maombi wanajifunga kwa Idara ya Kazi ya huko kwamba mshahara wako hautakuwa chini ya ule unaolipwa kazi kama hiyo eneo hilo. Sasa muulize huyo ajenti: kampuni inaitwaje, kazi ni gani, na ni nani huko amenifanyia intavyuu? Akianza kuzunguka, ondoka. Anaweza pia kuwa anakuchanganya na kura ya Green Card (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja), ile mtu hujaza mwenyewe bila mwajiri, na hizo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ajenti wa kazi za nje anafaa kuwa kwa orodha ya National Employment Authority, angalia huko kwanza, lakini hata mwenye leseni hana nafasi ya H-1B ya kukuuzia.

*Kwani chansi ni ngapi kwa ukweli?*

Nafasi za kawaida ni 65,000 kwa mwaka, na zingine 20,000 za waliosoma masters ama zaidi Marekani. Kwa kura ya Machi 2025 majina yaliyokubalika kuingia yalikuwa 343,981 na yakachaguliwa 120,141, yaani kama mmoja kwa kila watatu. Wanachagua wengi kushinda nafasi kwa sababu si kila aliyechaguliwa hufika mwisho. Miaka ya nyuma kulikuwa na mchezo wa mtu mmoja kuandikishwa na kampuni kibao ndio jina lake lirudi mara nyingi kwa kapu, mpaka kura ya 2023 ikafika majina 780,884, so kuanzia 2024 wanahesabu mtu kwa pasipoti yake, kampuni tano zikikuandikisha bado wewe ni mmoja.

Lakini hiyo hesabu ya mmoja kwa watatu usiishikilie sana, kuna mambo mawili yamebadilika. La kwanza, kanuni iliyoanza kutumika Februari 2026 inaangalia ngazi ya mshahara, mwenye kazi ya ngazi ya nne, ile ya juu kabisa, jina lake linaingia mara nne na wa ngazi ya kwanza mara moja, kwa hivyo fresh kutoka chuo ameumia. La pili ndilo zito zaidi: tangazo la Rais Trump la Septemba 2025 linataka mwajiri alipe dola 100,000 kwa maombi mapya ya mtu aliye nje ya Marekani. Hiyo ni karibu milioni 13 za Kenya. Tangazo liliwekwa la mwaka mmoja na linaweza kuongezwa. Ukiwa umekaa Nairobi, kampuni ya kawaida itafikiria mara mbili, na naona ni vizuri ujue hivyo leo kuliko ukae miaka mitatu ukingoja simu.

*Basi nijiandae na nini sasa hivi?*

Anza na majina. Nimeona hii ikisumbua watu kuliko kitu chochote, cheti cha KCSE kina majina matatu, digrii ina mawili, pasipoti imeyapanga vingine, na kwa kitambulisho kuna herufi imeruka. Mkenya mwenzako ataelewa, ofisa wa viza ataona watu wawili. Rekebisha mapema, iwe ni kwa affidavit ya wakili ama deed poll, kwa sababu hizo foleni haziishi kwa wiki moja. Pasipoti nayo, kama inakaribia kuisha ingia eCitizen uirinyuu kabla ya kuandikishwa, maana namba itakayotumika kwa kura ndiyo unafaa kusafiri nayo, ukibadilisha katikati utaanza kueleza.

Halafu barua za kazi. Si ile ya "alikuwa mfanyakazi mzuri". Unataka barua yenye letterhead, tarehe ya kuanza na kutoka, cheo, na kazi ulizokuwa unafanya zimeandikwa wazi, na uichukue ukiwa bado unaelewana na bosi na kampuni bado iko. Kama una diploma usikate tamaa, huwa wanakubali miaka mitatu ya kazi ya kitaalamu ihesabiwe kama mwaka mmoja wa chuo, lakini hapo ndipo hizo barua zinakuwa kila kitu. Transkripti pia chukua sasa. Uzuri ni kwamba hizi karatasi zote zitafungua Canada na Ujerumani vilevile, hakuna kazi itapotea.

*Mimi ni nesi, niko Umoja. Kura inanihusu?*

Hapana dadangu, usijisumbue nayo. Njia yako Marekani ni EB-3, Green Card ya kupitia mwajiri, ambayo haina kura: unapita mtihani wa unesi wa NCLEX, vyeti vyako vinathibitishwa pamoja na leseni ya Nursing Council, unapata mwajiri, kisha unangoja foleni. Foleni ni ndefu, lakini inasonga.

*Kijana wangu anamaliza masters Texas, anasema atabaki. Mimi naogopa atakuwa haramu. Mama yake, Kitengela.*

Mama, pole na wasiwasi. Akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja kwa OPT, ile ruhusa ya kazi ya mwanafunzi aliyemaliza chuo, na kama kozi yake ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi ama hesabu anaweza kuomba miezi 24 zaidi, kwa hivyo mwajiri anaweza kumwandikisha kwa kura karibu mara tatu. Yeye yuko pia kwa zile 20,000, mradi chuo chake ni cha umma ama kisichojiendesha kwa faida. Na akibadilisha hadhi, kutoka ya mwanafunzi hadi H-1B, akiwa ndani bila kutoka, zile dola 100,000 hazimguzi. Mwambie tu asisafiri kuja nyumbani katikati ya maombi kabla ya kuongea na wakili wa chuo, hata kama ni harusi.

*Ikikataa kabisa, niende wapi?*

Kwanza kuna milango ya Marekani isiyo na kura. Vyuo vikuu na mashirika ya utafiti yasiyo ya faida hayako kwa zile 65,000, yanaomba H-1B mwezi wowote, ingawa dola 100,000 nayo haijawaruka. Kuna viza ya L-1, kama kampuni yako ya hapa Nairobi ina ofisi Marekani na umefanya nayo mwaka mzima wanaweza kukuhamisha ukiwa meneja ama una ujuzi maalum wa kampuni. Mimi naona hii ndiyo watu wa teknolojia hapa wanaidharau bure.

Ujerumani ina Chancenkarte tangu Juni 2024, unaenda mwaka mmoja kutafuta kazi ukiwa na pointi sita, na Kijerumani cha A1 (kiwango cha mwanzo) ama Kiingereza cha B2 (cha juu kidogo) kinatosha kuingia, ila uonyeshe zaidi ya euro 13,000 za kujikimu. Ukweli ni kwamba bila Kijerumani cha B1 (kiwango cha kati) kazi nyingi hazitakuchukua, so anza masomo kabla hata ya kuomba. Canada ni pointi za umri, elimu na lugha, na umri unaanza kukula pointi ukifika 30, lakini mwenye Kifaransa kizuri huwa na draw zake, yaani raundi zake za kuchaguliwa. Goethe-Institut ya Kijerumani na Alliance Française ya Kifaransa ziko hapo tao karibu na Loita Street, unaweza kuenda jioni ukitoka job. Uingereza imekaza, tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara ni pauni 41,700 na kazi za kutunza wazee zimefungwa kwa walio nje, kwa hivyo anayewauzia hiyo ya wazee mkimbieni.

*Nikipata H-1B, bibi yangu atafanya kazi?*

Atakuja kwa H-4, viza ya familia ya mwenye H-1B, pamoja na watoto walio chini ya miaka 21. Watoto watasoma shule, lakini yeye hawezi kuajiriwa mpaka mwajiri wako akuombee Green Card na ile hatua ya I-140, yaani ombi la mwajiri la hiyo Green Card, ikubaliwe. Pangeni bajeti ya mshahara mmoja.