Seva ya kwanza ya video nyumbani: anza na LUKU na diski, kompyuta ifuate

Ndugu mleta mada, umesema unaishi Nyegezi hapa Mwanza, una televisheni moja ya 4K sebuleni, simu nne za wanafamilia, DVD zipatazo mia mbili ulizonunua kwa miaka mingi, na video za harusi na kipaimara zilizotawanyika kwenye flashi na memori kadi, na unataka zote zikae kwenye seva, yaani kompyuta moja inayozihifadhi na kuzipeleka kwenye televisheni na simu. Umesema pia kwamba kuna mtu anakuuzia kwa laki nne seva kubwa iliyotolewa ofisini, yenye nafasi nane za diski, nawe una milioni moja na laki nne kwa kila kitu. Umeuliza kama uichukue, ununue terabaiti ngapi, na kama RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, itatosha kulinda kumbukumbu zako. Nitajibu kwa yaliyonikuta mwenyewe hapa Kitangiri tangu 2019, kwa sababu nilianza na seva ya namna hiyo hiyo na nikakaa nayo miezi mitano tu.

Usiichukue. Mashine yangu haikuwa mbovu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichelewesha kuiacha. Tatizo lilikuwa umeme. Siku niliyoipima kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi, ilikuwa inakula wati 90 ikiwa imekaa tu bila kumchezea mtu yeyote chochote. Wati 90 kwa saa 24 ni uniti 2.16 kwa siku, yaani karibu uniti 65 kwa mwezi. Nyumba yetu yenye friji, taa na pasi ilikuwa ikitumia uniti hamsini na kitu, na tulikuwa kwenye kundi la matumizi madogo ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayeingiza tokeni, na aliniuliza kwa upole kabisa kama nimeanza kuchomelea mageti chumbani. Sauti ya feni zake nayo ilipita kwenye ukuta hadi chumba cha wageni.

Kazi ya seva ya video ni nyepesi mno ikiwa kifaa kinachocheza kinaielewa faili jinsi ilivyo, maana hapo seva inasoma diski na kupeleka data tu, kama konda anayepitisha nauli. Uzito unakuja pale ambapo simu au televisheni haiielewi kodeki ya faili hiyo, yaani namna video ilivyobanwa, au mtandao ni mwembamba kuliko video yenyewe, ndipo seva inalazimika kuibadili video papo hapo wakati mtu anaitazama. Kwa hiyo usitafute prosesa yenye nguvu za jumla, tafuta yenye kitengo cha video ndani yake. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 7 na kuendelea kinamudu kodeki ya HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo utakayokutana nayo kwenye faili nyingi za 4K, ilhali kizazi cha 6 kinaishia kwenye biti 8. Kusoma AV1, kodeki mpya zaidi, kumeanza kizazi cha 11. Kuwa macho pia na prosesa ambazo jina lake linaishia na herufi F, kwa mfano i3-9100F, kwa kuwa hazina kitengo hicho kabisa, na muuzaji atakupunguzia bei kidogo ukadhani umepata.

Mimi natumia kompyuta ya mezani ya ofisini iliyotumika, ya kizazi cha 8, yenye ramu ya GB 8. Familia za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zote zinafaa. Zile ndogo kabisa zenye ukubwa wa kitabu zinavutia na zinakula umeme kidogo zaidi, lakini hazina nafasi ya diski za inchi 3.5, kwa hiyo utajikuta unaning'iniza diski kwa kebo za USB, na kebo ya USB iliyoguswa na ufagio ni habari nyingine. Chukua kesi nyembamba ya ukubwa wa kati, na kabla ya kulipa omba ifunguliwe uhesabu kwa macho yako kama ina nafasi ya diski mbili za inchi 3.5 au moja, kwa sababu modeli zinatofautiana hata ndani ya jina moja. Yangu, ikiwa na diski mbili na SSD ndogo ya mfumo endeshi, inakula wati 28, yaani uniti 20 hivi kwa mwezi. Ramu zaidi ya GB 8 haitakuongezea kitu kwa matumizi uliyoyataja.

Sasa diski, ambako ndiko fedha yako nyingi inatakiwa kwenda. Kuna hesabu moja ninayoitumia kila mara: chukua kasi ya video kwa megabiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, upate gigabaiti kwa saa. Kamera ya mpiga video wa harusi inayorekodi kwa megabiti 50 inazalisha GB 22.5 kwa saa. Ukiwa na sherehe kumi za saa sita kila moja, hiyo ni TB 1.35. Simu inayorekodi 1080p kwa megabiti 17 hivi inatoa takriban GB 7.7 kwa saa, na simu nne zikirekodi saa moja moja kila mwezi, mwaka mmoja unakula GB 370, miaka mitatu TB 1.1. DVD yenye tabaka moja inabeba GB 4.7 na ya tabaka mbili GB 8.5, kwa hiyo ukikadiria wastani wa GB 6, mia mbili zako zinafika TB 1.2. Jumla ni TB 3.65, nawe utasema diski ya TB 4 inatosha. Haitoshi. Mimi sijazi diski kupita asilimia 85, na asilimia 85 ya TB 4 ni TB 3.4. Usishangae pia kompyuta ikikuonyesha 3.6 badala ya 4, kwani mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Hapa una njia mbili, kununua diski kubwa zaidi au kupunguza. Ningepunguza, lakini kwa ubaguzi. Video ya DVD iko kwenye kodeki ya zamani ya MPEG-2, na ukiibadili kuwa H.264 mara moja tu, usiku, inashuka hadi GB 1.5 hivi bila macho ya sebuleni kuona tofauti. Zile TB 1.2 zinakuwa TB 0.3, na jumla yako inashuka hadi TB 2.75. Video ghafi za harusi usiziguse. Filamu unaweza kuipata tena kwa namna yoyote, lakini shangazi aliyefariki akicheza kwenye sendoff hapatikani popote.

Kuhusu RAID, nilikuwa na diski mbili za TB 2 zilizounganishwa kama kioo, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, na nilijiona nimelala salama. Jumapili moja jioni nilikuwa nikifuta folda zilizojirudia, nikafuta folda ya harusi ya mdogo wangu nikidhani ni ile nakala. Diski zote mbili zilitii kwa pamoja. Kilichobaki ni DVD ya saa mbili aliyotukabidhi mpiga video. Saa sita ghafi, ikiwemo ile sehemu baba yangu aliyokataa maikrofoni akatoa nasaha kwa sauti yake mwenyewe, hazipo tena. RAID inakusaidia seva isisimame diski moja ikifa, na nyumbani kwako hakuna anayepoteza mkate seva ikisimama siku mbili.

Kwa hiyo nunua diski mbili za TB 4, ya kwanza iwe ya kazi na ya pili ipokee nakala kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili faili. Nimeiagiza rsync kwamba kilichofutwa kwenye diski ya kwanza kisifutwe kwenye ya pili, bali kihamishiwe kwenye folda ya taka inayosafishwa baada ya siku 30. Hizo siku 30 ndizo zilizokosekana Jumapili ile. Ziwekee mfumo wa faili wa ext4 zote mbili ikiwa unatumia Linux, na usitumie exFAT kwenye diski inayofanya kazi muda wote, kwa sababu haina jarida la kumbukumbu za uandishi, na umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kubaki imevurugika.

Nakala ya tatu inakaa nje ya nyumba. Wataalamu wa lugha wanaiita chelezo, neno ambalo sisi wa Mwanza masikio yetu yanalipeleka moja kwa moja bandari ya Mwanza Kusini kwenye ujenzi wa meli, na mimi naona limekaa vizuri. Yangu ni diski ndogo ya USB yenye video za familia tu, bila filamu, na inakaa kabatini kwa mama yangu Sengerema ndani ya kopo la biskuti. Naibadilisha kila ninapokwenda kumsalimia, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 sina tena kisingizio cha foleni ya kivuko.

Ukinunua diski zilizotumika, usilipe kabla haijachomekwa mbele yako na kusomwa taarifa zake za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Angalia vitu vitatu: saa ilizowashwa, sekta zilizohamishwa, na sekta zinazosubiri kuhamishwa. Hizo mbili za mwisho zikiwa juu ya sifuri, rudisha. Niliwahi kuonyeshwa diski iliyong'arishwa hadi inawaka, nikaichomeka ikasoma saa 41,000, ambazo ni karibu miaka mitano ya kuzunguka bila kupumzika, bila shaka kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Muuzaji alisema ni ya wiki mbili. Na hata kwa diski mpya, uliza kama ni CMR au SMR, ambazo ni namna mbili za kupanga data kwenye sahani ya diski. SMR inaandika nyuzi za data zikilaliana kama mabati ya paa, kwa hiyo kubadilisha kitu kimoja kunailazimu kuandika upya na majirani zake. Kwa filamu zinazoandikwa mara moja zinafaa, ila kwenye RAID zinatesa wakati wa kujenga upya, na mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wakiuza baadhi ya diski za namna hiyo bila kulitaja jambo hilo kwenye vipimo vyake.

UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, si anasa, hata ndogo ya VA 650, mradi iwe na kebo ya USB ya kuiambia seva izime yenyewe taratibu kabla betri haijaisha. Lakini kabla ya UPS, mwite fundi umeme apime waya wa ardhini. Nyumba zetu nyingi za milimani zimekaa juu ya mwamba, fimbo ya shaba inazama futi mbili inagonga jiwe, fundi anaikata na kufukia, na mwamba haupitishi umeme kama udongo wenye unyevu. Radi za usiku za ziwani zinajulikana, na kizuia mshtuko cha umeme kisicho na ardhi nzuri hakina pa kuupeleka umeme huo. Fimbo yangu ilibidi ihamishiwe bondeni kwenye shamba la migomba, mita kumi na mbili kutoka ukutani.

Kitu kingine ambacho miongozo ya mtandaoni haitakuambia ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotokea kama moshi juu ya maji na kufuata taa jioni. Seva yangu ilikuwa karibu na dirisha. Ilipoanza kupata joto nilifungua kesi nikakuta mapezi ya kipoza prosesa yamezibwa na tabaka la kijivu, laini kama sufi, lililoshikana kwa unyevu, mabawa yao yakiwa bado yanaonekana mojamoja kwa tochi. Niliihamishia ukuta wa ndani, mbali na taa, na kwenye tundu la kuingizia hewa nimebandika kipande cha chandarua cha zamani kilichokunjwa mara moja. Ukikunja mara mbili hewa haipiti. Nakipangusa kila Jumamosi kwa brashi ya rangi.

Mtandao nitausema kwa kifupi. Seva iunganishe kwa ruta kwa kebo, simu zitumie wayfai. Televisheni nyingi, hata za 4K, tundu lake la kebo linaishia megabiti 100, kwa hiyo faili nzito sana zinaweza kukwama kwenye kebo na kupita vizuri kwenye wayfai ya 5 GHz. Jaribu zote mbili. Kwa programu ya seva natumia Jellyfin juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux. Ni ya bure, ilichipuka kutoka programu ya Emby Desemba 2018, na haidai malipo ili itumie kile kitengo cha video cha prosesa.

Ulitaja una kompyuta mpakato ya zamani isiyo na betri. Iweke Jellyfin wiki hii kabla hujanunua hata skrubu, ipe faili tano za aina tofauti, ikiwemo DVD yenye maandishi ya tafsiri, kwa sababu maandishi hayo ni picha na vifaa vingi vinailazimisha seva kuyachoma ndani ya video. Cheza zote kwenye televisheni, na kwenye dashibodi uangalie ni ipi inayochezwa moja kwa moja na ipi inayobadilishwa. Ulete majibu hapa pamoja na modeli ya televisheni, nitakuambia kama kizazi cha 7 kinakutosha au upande juu zaidi.