Kabla ya kushusha gia boksi, tazama kikopo cha klachi

*Nina Corolla ya 1994, ya gia za mkono. Nikipanda mlima wa Kitonga injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Injini imechoka?*

Hiyo ni klachi inayoteleza. Ipime hivi: tafuta tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kunguruma na gari limesimama, pleti, ile sahani ya klachi, imekwisha au imelowa oili. Usirudie rudie, maana kila jaribio linaila.

Kabla ya kununua pleti, bonyeza pedali ya klachi kwa mkono. Mwanzoni lazima iwe na ulegevu kidogo. Isipokuwa nao, klachi inabaki imekanyagwa nusu na hata pleti mpya itateleza. Gia boksi ikishushwa, badilisha pleti, presha pleti (inayoibana pleti) na rilizi bering (inayoachisha klachi ukikanyaga) kwa pamoja, na sili ya nyuma ya injini itazamwe kama inavuja.

*Asubuhi pedali inazama mpaka chini, gia haziingii. Nikipampu mara tatu zinaingia. Fundi anasema pleti imekufa.*

Mwambie asubiri. Pedali inayorudi kwa kupampu inalalamikia mafuta yake ya klachi, na inaniuma kuona watu wanalipia gia boksi kushushwa kwa kosa la kipande cha mpira.

Mguu wako unasukuma mafuta kutoka masta (pampu ndogo) ya juu hadi ya chini, ile iliyo kwenye gia boksi. Upepo ukiingia, nguvu yako inaishia kuubana upepo. Papasa nyuma ya pedali, ndani ya gari, kama pana unyevu. Kisha funua kifuniko cha mpira cha masta ya chini; mafuta yakichuruzika, umeshampata mwizi. Nje kukiwa kukavu na kikopo cha mafuta ya klachi hakipungui, mara nyingi ni mpira wa ndani wa masta ya juu unaopitisha.

Baada ya matengenezo, toeni upepo mkiwa wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nati ya kutolea upepo na kuifunga *kabla* pedali haijaachiwa. Kikopo kisikauke katikati ya kazi, la sivyo mnaanza upya.

*Naweza kuongeza mafuta ya steringi? Yanafanana.*

Hapana, kabisa! Mafuta ya aina hiyo huivimbisha mipira ya mfumo huu. Corolla yako inatumia mafuta ya breki, daraja la DOT 3, soma kifuniko cha kikopo. DOT 4 inachanganyika nayo, lakini DOT 5 ya silikoni haichanganyiki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa na kuleta kutu ndani ya masta, basi yabadilishe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama hayajapungua. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, yamechelewa. Chupa iliyokaa wazi miezi mingi usiitumie. Yakidondokea rangi ya gari, yamwagie maji mara moja.

*Kuna mlio nikiwa nimesimama, injini inawaka.*

Ukitokea unapokanyaga klachi, shuku rilizi bering. Ukipotea unapokanyaga, bering ya shafti ya kuingilia gia boksi ndiyo inayolia, na hiyo ni kazi ya fundi wa gia boksi.