Kitufe "kina changamoto"?

SWALI: Nilikuwa nakata tiketi ya basi mtandaoni. Kitufe cha "Endelea" kikawa kijivu, nakibonyeza wapi! Nikawaandikia wahusika: "Kitufe hakibonyezeki." Wakajibu: "Pole kwa changamoto." Mwenzangu anasema ningeandika "hakifanyi kazi". Kipi sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Umepatia wewe. Kubonyea ni kuingia ndani kwa kukandamizwa, kama embe lililoiva chini ya kidole gumba. Kitufe cha kijivu ni embe bichi, hakibonyezeki. Kingekuwa kimebonyezeka, ukurasa ukabaki umetulia tuli, hapo mwenzako angekuwa na hoja. Kwa fundi hayo ni mambo mawili: la kwanza aghalabu kuna mahali hujajaza, la pili atazame programu au mtandao.

Lakini hiyo "pole kwa changamoto"! Changamoto ni ndugu yake changamka: ni jambo linalokuamsha, ukakunja mikono ya shati. Kupanda Kilimanjaro ni changamoto. Kitufe kibovu kinamchangamsha nani? Siku hizi bomba likipasuka ni changamoto, mshahara ukichelewa ni changamoto, na juzi mjukuu wangu kaniambia, "Babu, miwani yako ina changamoto," kumbe kaikalia.

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu hajawahi kuniambia tairi lina changamoto. Anasema pancha. Anatoa mpira, anaujaza upepo, anauzamisha kwenye karai la maji, anauzungusha polepole mpaka viputo vitoke, kisha anaweka kidole: "Tundu hili hapa, mzee." Anataja, anaonyesha, anaziba. Wenye tovuti wana maneno ya kutumia: hitilafu, kasoro, dosari, ubovu, kosa, hata tatizo, lile tatizo la siku zote walilolikimbia kwa sababu linamtaka mtu alitatue. Changamoto haina mwenyewe, inapewa pole tu.

Najua vita hii nimeshindwa. Neno limeshaingia hadi kwenye hotuba za harusi, na mimi sina karai la kulizamisha.

Wewe rudi kwenye ukurasa, tazama kama umetia alama kwenye kisanduku cha "Nakubali masharti" na kama namba ya simu haina nafasi katikati. Kama yote yamekamilika, waandikie tena "hakibonyezeki", neno hilo hilo, ueleze na simu unayotumia. Wakikupa pole nyingine, panda daladala uende stendi ya Msamvu, ukakate tiketi dirishani.