Hesabu ya alpaka kabla hujachukua mkopo

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama uchukue mkopo ununue alpaka, wale wanyama wa sufu walio jamaa ya ngamia, majike 6 wenye mimba, dola 1,500 kila mmoja, kwa yule mzee wa huko kwenu Pennsylvania anayesema kila jike atazaa kila mwaka na baada ya miaka 5 utakuwa na kundi zima la kuuza. Ukaongeza, "Mama, wewe unao hapo Ohio, mbona hujawahi kuniambia wanalipa?" Sijakuambia kwa sababu kwa njia anayoisema mzee, hawalipi.

Hesabu ya kuzaana ni tamu kwenye karatasi. Jike hubeba mimba miezi 11 na nusu hivi, na huzaa mtoto mmoja tu. Mapacha ni nadra sana. Karibu nusu ya watoto watakuwa madume, na dume lisilofaa kwa mbegu hapa kwetu huenda kwa dola mia kadhaa, tena ukimpata mtu mwenye uwanja. Na hao majike utakaozalisha utamuuzia nani? Mtu mwingine kama wewe, aliyeambiwa maneno yale yale.

Ndivyo biashara hii ilivyokwenda Marekani. Alpaka walianza kuingizwa kibiashara miaka ya 1980 kutoka Amerika Kusini, halafu 1998 daftari la kusajili uzao likafungwa kwa wanyama wa nje. Wakabaki wachache, bei ikapaa. Katikati ya miaka ya 2000 jike mzuri aliweza kuuzwa zaidi ya dola 20,000. Mwaka 2007 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, Tina Saitone na Richard Sexton, walichapisha uchambuzi wakisema wazi kwamba thamani ya sufu haiwezi kubeba bei za namna hiyo. Uchumi ulipoyumba 2008, wanunuzi wakatoweka. Sisi tulinunua baada ya hapo, kwa wazee waliokuwa wanapumzika na ufugaji. Baba yako alipoona risiti zao za zamani alirudia kuhesabu sifuri.

Wakati tunanunua sikuhitaji kuelezwa, maana ni yale yale ya kware nyumbani Kenya mwaka 2013. Watu wakahangaikia leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, vyumba vya wageni vikageuka vizimba. Aliyevuna ni aliyeuza vifaranga na mashine za kutotolea. Walaji wa mayai wenyewe walikuwa wangapi?

Basi tazama sufu, maana ndiyo mazao halisi ya mnyama huyu. Ananyolewa mara moja kwa mwaka, na sisi hufanya hivyo mwezi wa Mei. Analazwa chini, miguu ya mbele na ya nyuma imefungwa kamba na kunyooshwa asijirushe, mtu mmoja ameshika kichwa (huyo ndiye anayetemewa mate). Mnyoaji anatoa kwanza sufu ya mgongoni na ubavuni ikiwa kipande kimoja kama blanketi, inaingia mfuko wake. Ya shingoni mfuko wa pili. Ya tumboni na miguuni, ngumu ngumu, mfuko wa tatu. Ukichanganya mifuko umeharibu bei.

Mnyama mmoja hutoa kilo 2 hadi 4 kwa jumla. Ukiiuza ghafi, utapewa dola chache kwa kilo, haifiki hata pesa ya mnyoaji, ambaye kwetu huchukua dola 35 kwa kichwa. Mimi huchagua kilo moja na nusu ya ile ya mgongoni, naitandaza juu ya meza ya wavu, naokota majani na uchafu kwa mkono, kisha naipeleka kiwanda kidogo cha kusokota. Wananitoza kama dola 100, na narudi na karibu kilo moja ya uzi: madonge 10 ya gramu 100, ninayouza dola 28 kila moja. Hiyo ni 280. Toa kiwanda, toa mnyoaji, zimebaki 145. Lakini nyasi kavu za msimu wa baridi, chakula cha dukani, madini, chanjo na dawa vinakula kama dola 250 kwa kila mnyama kwa mwaka. Na dawa huwezi kuruka: kulungu wa huku wenye mkia mweupe wana mnyoo unaopitia konokono, ukimwingia alpaka hushambulia ubongo na uti wa mgongo, anaanguka miguu ya nyuma. Ndiyo maana tunachoma sindano ya kinga kila mwezi.

Kwa hiyo uzi peke yake hautoshi. Pengo linazibwa na wageni wa Jumamosi wanaolipa kuingia na kulisha, soksi tunazonunua kwa jumla na kuuza bandani, na samadi. Usicheke samadi! Alpaka hujisaidia sehemu moja, kuzoa ni rahisi, na wenye bustani wanaigombania kila majira ya kuchipua. Jua tu kwamba hiyo ni biashara ya kupokea watu, inataka bima, choo, maegesho na uso wa tabasamu hata siku umechoka.

Mzee kakutajia kodi pia. Ni kweli, ukifuga kibiashara IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakuruhusu kukata gharama kwenye mapato yanayotozwa kodi, hata bei ya mnyama wa kuzalisha. Lakini ukitumia dola moja ukaokoa senti 25 za kodi, senti 75 zimekwenda. Tena ukipata hasara mwaka baada ya mwaka wanaweza kukuambia hiyo ni burudani yako, si biashara. Ukionyesha faida miaka 3 kati ya 5, sheria inakuchukulia kuwa mfanyabiashara.

Mkopo usichukue. Muombe mzee akuonyeshe alichouza mwaka jana ambacho si mnyama: risiti za sufu, uzi, viingilio. Asipokuwa nazo, mshukuru uondoke. Ukiwa bado unawapenda, na najua unawapenda, ulizia kwanza kama mji wenu unaruhusu mifugo kwenye kiwanja chako, kisha njoo Mei utusaidie kushika vichwa. Nitakupa madume 3 waliohasiwa, bure. Chini ya hapo sitoi, wakipungua wanasononeka. Usafiri ni juu yako.

Mama