Kabla ya kushusha stendi, kanyaga kwanza

Pikipiki yangu ya kwanza ya kazini ilianguka ikiwa imesimama. Hakuna aliyeigusa, wala hapakuwa na upepo. Tulikuwa kwenye baraza la balozi wa nyumba kumi, kijiji kimoja huko Kahama, mimi na wakulima kama ishirini, tunazungumzia nafasi za kupandikiza mpunga, nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kuangalia nyuma yangu. Nilipogeuka na mimi, ilikuwa inalala. Taratibu kabisa, kama ng'ombe anayejilaza kucheua.

Nilikuwa nimeipaki saa saba mchana pembeni ya jaruba la mpunga, kwenye udongo mkavu wenye nyufa za kuingiza vidole. Ukiugonga kwa kisigino unakujibu kama saruji. Ikaja mvua ya dakika ishirini, wala si ya kutisha, na sisi tukaendelea na mafunzo yetu. Hasara: mkono wa klachi ulikatika, saitimira moja ikapasuka, na petroli ikavuja kwenye kabureta mpaka ikachora rangi za upinde wa mvua kwenye maji ya jaruba la watu. Mzee mmoja akanisaidia kuiinua, akaniangalia, akasema, "Bwana shamba, si wewe unayetufundisha udongo?"

Sikuwa na jibu. Miaka imepita na swali lake bado ninalo, kwa sababu alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepaki kwa kuangalia udongo ulivyo saa ile, sikufikiri utakavyokuwa baada ya saa mbili.

Wasukuma wana majina ya aina za udongo, na ukiyajua mawili tu umeshajisaidia. Udongo mweusi wa bondeni wanauita mbuga. Huo ukikauka unapasuka, ukinywa maji unavimba na kulainika kama ugali uliozidishiwa maji. Usiuamini kamwe wakati wa masika, hata kama juu kuna jua kali. Wa mchanga, ule wa maeneo ya juu, ni luseni. Wenyewe una tabia ya kinyume: ukiwa mkavu ndio unaosaliti, stendi inazama huku unaiangalia, ila ukilowa kidogo unashikamana. Waliowahi kupaki ufukweni wanalijua hili. Karibu na maji, pale mchanga ulipolowa, pikipiki inasimama vizuri kuliko kule juu kwenye mchanga mkavu.

Sasa kwa nini inazama? Mguu wa stendi ya pembeni, pale unapogusa chini, haupiti sana ukubwa wa kiberiti. Pikipiki nyingi tunazotumia zina zaidi ya kilo mia moja, na sehemu kubwa ya uzito wa kule inakoegemea inaishia kwenye kiberiti hicho. Ukiweka chini yake kibao cha sentimita kumi na tano kwa kumi na tano, uzito uleule umetandazwa mara zaidi ya kumi. Hakuna siri nyingine. Jiwe bapa linafaa, kopo la oili lililopondwa linafaa, nusu ya ndala iliyochakaa inafaa kwa dharura. Kizibo cha soda hakifai, nimeshamwona mtu akijaribu.

Mimi natembea na kipande cha ubao kilichotobolewa tundu, nikakifunga kamba ya katani, na ncha ya pili ya kamba naining'iniza kwenye usukani. Nikifika nakidondosha kushoto, nashusha stendi juu yake. Nikiondoka, naketi, nanyoosha pikipiki, napandisha stendi, kisha navuta kamba. Siinami kwenye tope. Bodaboda wa pale kijiweni walinicheka wiki nzima, na mwezi wa nne niliona wawili wana vibao vyao.

Kabla ya hapo lakini kuna kisigino. Simama kwa mguu mmoja mahali stendi itakapotua, zungusha kisigino kama unazima sigara. Kikidumbukia, sogea au weka kibao. Kisipodumbukia lakini mawingu yanakusanyika, weka kibao vilevile.

Stendi kubwa ya kati wengi wanaiona ndiyo dawa. Ni dawa pale ardhi ilipo laini kwa usawa na una ubao mpana wa kuwekea miguu yote miwili. Ukiiweka kwenye tope bila ubao, mguu mmoja huwahi kuzama kuliko mwenzake, na hapo pikipiki inaweza kulala upande usioutegemea, pengine ule uliosimama wewe. Kuna pikipiki zilizotengenezwa kwa kazi za shamba, kama Yamaha AG 200, ambazo zina stendi za pembeni mbili, kulia na kushoto, na nyayo zake ni pana. Unachagua upande kulingana na ardhi. Aliyebuni hiyo alishawahi kuangusha pikipiki, naamini.

Kwenye mteremko elekeza tairi la mbele juu, zima, uache gia ya kwanza imeingia. Ukielekeza chini na kuacha nyutro, pikipiki ikisogea mbele kidogo tu stendi inajikunja yenyewe. Mzigo usipakie ikiwa kwenye stendi ya pembeni juu ya udongo laini. Gunia la mahindi linaisukuma stendi chini kama msumari. Mwombe mtu ashike. Na kuta za udongo za nyumba za watu si mahali pa kuegemeza, hata ukikaribishwa.

Ikianguka, zima swichi kwanza, funga koki ya mafuta, na wavuta sigara wakae mbali. Kama imelalia kulia, shusha stendi kabla ya kuinua, isije ikapitiliza ikalala kushoto. Ipe kiti mgongo, makalio yabane kwenye ukingo wake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, halafu sukuma kwa miguu ukirudi nyuma kidogo kidogo. Kiuno chako hakina spea. Iache isimame dakika chache kabla ya kuiwasha.

Jambo ambalo sikufundishwa na mtu: tope likiganda kwenye springi, stendi hairudi juu yote. Inaning'inia nusu, wewe huoni, unaondoka. Ukikata kona ya kushoto inagusa barabara na kukurusha. Kwa hiyo nikishavuta kamba yangu, naipiga stendi kwa kisigino mara mbili, naangalia chini, ndipo natia gia.